Maswali ya Wasomaji: Mitego ya Jinteki haimnasi mtu

SWALI: Assalamu alaikum. Tuko wanne hapa Langoni, Lamu, twacheza Netrunner barazani baada ya Isha, kwa karata za System Gateway, seti ya kuanzia, tulizochapisha wenyewe. Wageni waanze na kambi gani, yaani kundi lipi la karata zenye mtindo wake? Nami nimeshika Jinteki, moja ya kambi za Kampuni, kwa ajili ya mitego, lakini hanaswi mtu.

JIBU: Waalaikumu salaam. Kwa wasioujua: Netrunner ni mchezo wa watu 2 wasiofanana kwa lolote. Mmoja ni Kampuni, huficha ajenda (karata zenye pointi) kifudifudi kwenye seva, vituo vyake mezani, na kuzilinda kwa karata za barafu. Mwenzake ni mdukuzi, kazi yake kuingia na kuziiba. Wa kwanza kufikisha pointi 7 ameshinda. Kampuni ina kliki 3, yaani nafasi za kutenda jambo, kwa zamu baada ya kuchota karata moja ya lazima. Mdukuzi ana 4, ila akitaka karata ailipie kliki.

Upande wa Kampuni, mgeni mpeni Haas-Bioroid au Weyland. Haas-Bioroid ina uchumi uliotulia, na barafu zake za bioroidi hufundisha haraka: mdukuzi aweza kuzivunja kwa kutoa kliki, basi anayevamia kwa kliki yake ya mwisho hana cha kulipia. Weyland ni pesa na barafu nene. NBN hubandika wadukuzi alama za ufuatiliaji. Ni kali, ila ina mengi ya kukumbuka.

Upande wa mdukuzi twapendekeza kambi ya Criminal. Shaper hujenga na Anarch huharibu, lakini kosa la wageni wengi ni kujenga tu huku Kampuni inafunga ajenda, yaani inazikamilisha na kupata pointi. Criminal hulipwa kwa kuvamia, kwa hiyo atavamia apende asipende.

Tuje kwa mtego. Urtica Cipher, karata ya mtego ya Jinteki, ikifikiwa na mdukuzi ikiwa imewekwa mezani hutoa madhara 2, na 1 zaidi kwa kila mara uliyoisogeza, yaani kuiwekea alama ya maendeleo. Kila dhara humtoa mdukuzi karata moja ya mkononi, bila yeye kuchagua. Madhara yakizidi karata alizo nazo, amekufa. Yakizidi, si yakilingana! Weka, sogeza mara 2, ni madhara 4: mwenye karata 3 kwisha, mwenye 4 yu hai na mkono mtupu. Anayejua kazi atachota hadi 5 kabla ya kuingia. Hapo hujaua, lakini umemla kliki na karata 4, na zamu inayofuata ndiyo ya kuweka ajenda ya kweli.

Sababu ya kutonasa mtu, kwa dhana yetu, ni kwamba mtego wausogeza na ajenda waiacha tupu. Wenzako wameshasoma. Chukua ajenda ya pointi 3 inayotaka kusogezwa mara 5: weka, sogeza 2, zamu ijayo sogeza 3, funga. Ikiwa kifudifudi haina tofauti na Urtica. Ila kila kusogeza ni kliki 1 na krediti 1 (pesa ya mchezo), basi hakikisha zamu hiyo ya pili unayo krediti 3. Ukiwa nazo 2, ajenda italala mezani zamu nzima zaidi, na mtu ataijia.

SWALI: Naruhusiwa kuchanganya kambi katika rundo moja? (Msomaji, Malindi)

JIBU: Ndiyo, kwa kipimo. Vitambulisho vingi, yaani karata za kumtambulisha mchezaji, hutoa pointi 15 za ushawishi, na vidoti kwenye karata ya kambi nyingine ndiyo bei yake. Ajenda za kambi nyingine haziruhusiwi kabisa. Nakala ni 3 kwa karata, na rundo la Kampuni la karata 45 hadi 49 lazima liwe na pointi 20 au 21 za ajenda. Msitawanye vidoti kwa nakala moja moja. Karata usiyoichota haikusaidii. Nakala 3 za kitu kimoja kinachopungua kambini mwako ni bora.

SWALI: Karata zetu zimetoka ndogo. (Msomaji, Shela)

JIBU: Kompyuta imezibana zitoshe ukurasa. Mwambieni mchapishaji aweke asilimia 100: karata ni milimita 63 kwa 88, na A4 inabeba 9. Kila moja itieni kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karata kuukuu ya kawaida nyuma yake, maana karatasi tupu haihimili upepo wa barazani. Rundo lote liwe na mifuko ya aina moja, la sivyo mtu atajua ajenda iko wapi kwa kutazama mgongo.