Maswali na majibu: Nichemshe uzi kwa chumvi na siki?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Njombe mjini, nafuma kwa mkono kujifurahisha tu. Tangu Machi nimemaliza kofia tatu, blanketi la mtoto na sweta la mume wangu, la uzi wa sufu. Nilipolifua na kulipiga pasi, sweta likalegea, sasa linamfika mapajani. Jirani anasema kosa langu ni kutochemsha uzi kwa chumvi na siki kabla ya kuanza. Kwenye kapu nina mabonge kama ishirini yamebaki. Niyachemshe yote?

JIBU: Usichemshe hata moja, dada.

Baridi ya Juni ikishashika huku Mbeya, naletewa masweta ya namna hiyo kila wiki, na kila mwenye sweta ana jirani yake. Miaka yote hii ya kufuma masweta ya shule sijaona uzi uliookolewa na chumvi. Niliouona umeharibika kwenye sufuria ni mwingi.

Kwanza, karibu nina hakika uzi wako si sufu. Sokoni kila uzi wa sweta unaitwa sufu (wengine wanasema hata sufi, ambayo ni ya kujazia mito), lakini mwingi ni akriliki, jamii ya plastiki. Sufu ni manyoya ya kondoo. Ukiipika na kuisugua, vigamba vya unywele wake hung'ang'aniana, nguo ikanywea, ikawa nene kama blanketi la kijeshi. La kwako limerefuka. Akriliki ndiyo inayofanya hivyo ikikutana na pasi ya moto: ule mdundo iliopewa kiwandani, yaani kule kuvutika na kurudi, unakufa, uzi unabaki mlegevu na unang'aa kidogo. Sweta lako limeuawa na pasi, na halirudi.

Sasa fikiria huyo anayekushauri uchemshe. Huku kwetu juu maji huchemka kabla hayajafika nyuzi joto 95, na joto hilo bado linatosha kuilegeza akriliki. Yaani unauharibu uzi kabla hujaushika kwa sindano! Na kama kapuni kuna bonge moja la sufu ya kweli, hilo nalo litashikamana humo humo sufuriani. Chumvi hutumika wakati pamba inatiwa rangi, kuisukuma rangi iingie. Siki hutumika kwenye rangi za sufu. Yote hayo ni ya wakati rangi inaingia. Uzi ukishatoka kiwandani, chumvi ya jikoni haishiki chochote. Ukihofia rangi kuchuja, loweka kipande, kibane ndani ya kitambaa cheupe hadi kikauke, uangalie kama kimeacha alama.

Linaloniudhi zaidi ni wanaouza "dawa ya kukaza uzi" kwenye vichupa visivyo na maandishi. Mteja wangu mmoja alinunua, nikanusa: siki na maji. Hakuna dawa inayojua uzi wako umetengenezwa kwa nini, na muuzaji naye hajui. Kazi hiyo ni yako, na haichukui dakika mbili. Kata kipande cha urefu wa kidole kutoka kila bonge, kishike kwa koleo juu ya bakuli la maji, ukiguse na mshumaa. Akriliki huwaka kwa pupa, ikayeyuka, ikaacha kidonge cheusi kigumu. Sufu hunuka nywele zilizoungua, moto ukiondoka inazimika, na majivu yake yanasagika vidoleni. Pamba huwaka kama karatasi. Andika jibu kwenye kikaratasi ukifunge kwenye bonge. Sufu, kama ipo, iweke kwenye mfuko uliofungwa, maana nondo wanaipenda. Akriliki hawana haja nayo.

Tena, kabla ya sweta lijalo fuma kipande cha sentimita 15 kwa 15, ukifue vile utakavyofua nguo yenyewe, kikauke kimelazwa, ndipo uhesabu mishono ndani ya sentimita 10 za katikati. Watu hawataki. Wanataka waanze leo, Jumapili livaliwe kanisani. Halafu wananiletea mimi.

Kuhusu sweta la shemeji: vuta ribu, yaani ule ukingo wa mistari unaovutika, ya shingo na za mikononi. Pasi mara nyingi haifiki huko. Zikivutwa zikarudi, uzi wake bado mzima, fumua sehemu hiyo na utapata kofia ya nne. Kiwiliwili kilicholegea kifumue pia, ukitengenezee mtandio. Ulegevu huo huo unaanguka vizuri begani.