Ukishapima metali nzito shambani, uliza pH

Watu wakiniletea majibu ya maabara, macho yao huwa kwenye safu moja tu: miligramu ngapi za kadimiamu au risasi kwa kila kilo ya udongo. Mimi huuliza pH kwanza, yaani kipimo cha uchachu wa udongo: namba ikishuka, uchachu umepanda. Karatasi isiyo na pH naihesabu kuwa nusu ya majibu.

Chembe za mfinyanzi na mboji zina chaji hasi, na metali nyingi huelea kwenye maji ya udongo zikiwa ioni (chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme) za chaji chanya, kwa hiyo hunaswa. Udongo ukichachuka, ioni za haidrojeni hujazana na kugombania nafasi zilezile, metali ikasukumwa hadi kwenye maji yanayonywewa na mizizi. Na usidharau tofauti ya namba moja: pH ikishuka kutoka 6 hadi 5, ioni hizo zimeongezeka mara 10.

Metali zenyewe haziachii kwa pamoja. Kadimiamu na zinki hulegea mapema. Risasi ni king'ang'anizi, na shaba hushikamana sana na mboji. Ndiyo maana risasi kwenye mboga za majani mara nyingi ni vumbi lililoganda juu, unaliosha likatoka kwa sehemu kubwa. Kadimiamu imo ndani ya jani. Hapo maji ya bomba hayasaidii kitu.

Mimi huchota udongo wa sentimita 20 za juu sehemu mbalimbali, nauchanganya, kisha natia sehemu 1 ya udongo kwa 2.5 za maji yasiyo na madini. Nakoroga, naacha nusu saa, nasoma kipimo. Nikikuta chini ya 6, naongeza chokaa ya kilimo mpaka ikaribie 6.5, halafu napima tena kila mwaka, maana urea na salfeti ya amonia hurudisha uchachu polepole. Chokaa haiondoi metali, inaifunga tu.

Lakini aseniki ina tabia nyingine kabisa. Kwenye udongo husafiri zaidi ikiwa na chaji hasi, na chokaa inaweza kuilegeza badala ya kuifunga. Shamba likiwa na aseniki na kadimiamu kwa pamoja, usimwage chokaa kwa mazoea. Jaribu kwanza kwenye ndoo: changanya, acha na unyevunyevu wiki kadhaa, kisha peleka maabara na uombe wapime kiasi kinachoyeyuka kwenye maji, si jumla peke yake.