Mkeo Si Mvivu, Anaumwa

Mwanangu wa Morogoro,

Unasema kwamba mkeo, tangu ajifungue miezi mitatu iliyopita, hapiki, hachani nywele, hulia bila sababu na humtazama mtoto kama mgeni, nawe unauliza kama umrudishe kwao akafunzwe kazi. Pole kwa uchovu, lakini mimi niko upande wa mkeo.

Umeandika neno "uvivu" mara nne, ilhali habari yenyewe umeipitisha kwa mstari mmoja tu: mama yake mzazi alifariki mimba ikiwa ya miezi saba. Ni nani basi aliyemkanda kwa maji ya moto? Ni nani aliyemkorogea uji wa pilipili manga, akampokea mtoto alfajiri ili mzazi apate usingizi? Unataka kumrudisha kwao. Kwao kwa nani?

Ile chai unayolalamika kwamba huiacha mbele yake mpaka ikatanda utando si dharau, ni dalili. Mzazi kulialia siku chache baada ya kujifungua ni kawaida, na mara nyingi huisha ndani ya wiki mbili; lakini huzuni inapopita hapo, ikamnyima hamu ya kula, ikamkosesha usingizi hata mtoto anapolala na kumwondolea furaha ya mambo aliyoyapenda, hiyo yaelekea kuwa sonona, nayo ni ugonjwa kama kisukari kilivyo ugonjwa. Homoni hushuka ghafla baada ya uzazi, na zikikuta mwili usiolala, msiba ambao haujaliliwa ukaisha, na upweke wa kutwa nzima, mtu huzama. Vijana mmehamia vyumba viwili mjini, mashangazi na mawifi mkawaacha kijijini, kisha kazi ya watu sita mkamtwika mmoja na kumwita mvivu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wiki hii mpeleke wewe mwenyewe kliniki ya mama na mtoto, umweleze muuguzi yote uliyoniandikia, pamoja na ule msiba. Sonona hutibika kwa ushauri nasaha na, ikibidi, kwa dawa, zikiwemo ambazo daktari humpa hata mama anayenyonyesha. Akitamka kwamba anatamani kufa, au kwamba anaogopa kumdhuru mtoto, usimwache peke yake hata kidogo, na mfike hospitali siku hiyo hiyo. Usiku wa leo, mtoto akishanyonya, mbebe wewe mpaka alale.