Kamakura kwa treni kwa siku moja: shuka Kita-Kamakura, malizia baharini

Mkuu, kwa faida ya wengine nirudie ulichouliza: unakuja Yokohama, Japani, kwa kozi ya wiki chache, una Jumamosi moja ya mapumziko, pengine mbili, unataka kuona mahekalu na bahari ya mji wa Kamakura kwa treni na kurudi kulala kwako, na hujui kama JR Pass (ile pasi ya wageni ya kupanda treni za kampuni ya JR) ina maana. Nilisoma upande huo na njia hii naijua vizuri, maana kila mgeni aliyekuja kutoka nyumbani nilimpitisha huko huko.

JR Pass usinunue. Bei ilipopandishwa Oktoba 2023, ya siku 7 ilifika yeni 50,000, wakati nauli ya safari nzima nitakayokueleza haifiki yeni 2,000. Isitoshe, kitreni cha Enoden, ambacho kwangu ndicho utamu wa siku hiyo, si cha JR, kwa hiyo pasi yenyewe humo haifanyi kazi. Wewe chukua kadi ya Suica au Pasmo, ijaze hela, gusisha getini unapoingia na unapotoka, inakata yenyewe. Hakuna habari ya kukata tiketi ya kiti na kitambulisho mkononi kama kwenye SGR yetu. Ila beba na sarafu, kwa sababu kwenye mahekalu mengi utalipa kiingilio, mara nyingi kati ya yeni 300 na 500.

Sasa ushauri wangu wote uko kwenye mpangilio wa siku. Wageni wengi hushuka stesheni ya Kamakura, wanazama kwenye mtaa wa maduka, wanakimbilia sanamu kubwa ya Buddha, na jioni wanarudi kwa njia ile ile wakiwa wamebanana. Wewe shuka stesheni moja kabla, Kita-Kamakura. Teremka na bonde kwa miguu hadi mjini, panda Enoden hadi Hase kwenye ile sanamu, endelea hadi Enoshima baharini, kisha urudi Yokohama kupitia Fujisawa. Mahekalu hufunga mapema, mengi saa kumi na nusu au kumi na moja jioni, na miezi ya baridi mengine ni saa kumi kamili. Bahari haifungwi. Ukianza na bahari, umekosa mahekalu.

Pale Yokohama panda treni ya njia ya Yokosuka, ile inayoandikwa Zushi, Yokosuka au Kurihama. Haizidi nusu saa. Soma ubao vizuri, kwa sababu treni za Shonan-Shinjuku hupita jukwaa lile lile na baadhi yake huandikwa Odawara. Hizo hazifiki Kamakura. Ukijikuta umo ndani, shuka Ofuna ubadilishe, hakuna kilichoharibika. Jambo jingine: kuna mabehewa mawili ya ghorofa yenye alama ya jani la kijani. Yanavutia kweli, lakini ni daraja la kulipia zaidi, na mkaguzi atakufuata kwa adabu zote mpaka ulipe. Mkiwa Ofuna chungulia dirishani, utaona sanamu nyeupe ya Kannon, mtakatifu wa huruma wa Kibuddha, kichwa na mabega tu, mita 25, imechomoza juu ya miti.

Kita-Kamakura ni stesheni ndogo. Ukitoka tu, Engaku-ji hiyo hapo. Hekalu hili la Zen, madhehebu ya Kibuddha, lilianzishwa mwaka 1282 na Hojo Tokimune, mtawala aliyepambana na uvamizi wa Wamongolia, ili kuwaombea waliokufa kwenye vita hivyo, watu wake na maadui pia. Mimi kwa hilo namvulia kofia. Wajenzi wa reli hawakuwa na heshima ya aina hiyo: mwaka 1889 walipovuta njia kwenda kituo cha jeshi la majini Yokosuka, waliipasua ardhi ya hekalu, na hadi leo bwawa la mbele liko upande mmoja wa reli na lango upande wa pili. Simama kwenye ngazi za mawe, chini ya ile miti mirefu. Kengele ya kivuko cha reli inaanza kulia, vizuizi vinashuka, treni ndefu yenye mstari wa buluu na wa rangi ya maziwa inapita mbele yako na watu wamesinzia madirishani, kisha unageuka na kuingia kwenye lango la mbao lisilopakwa rangi. Kama miguu ina nguvu, panda kulia hadi kwenye kengele kubwa iliyosubiwa mwaka 1301. Ni ndefu kuliko mtu, na wengi huikwepa kwa sababu ya ngazi, kwa hiyo huko juu kuna nafasi.

Upande wa pili wa reli kuna Tokei-ji, dogo, usiliruke. Lilianzishwa mwaka 1285 na mjane wa huyo huyo Tokimune, likawa kimbilio la wanawake waliotaka kuachana na waume zao zama ambazo talaka ilikuwa mikononi mwa mwanamume peke yake. Mwanamke akishaingia na kukaa humo muda uliowekwa, ndoa imekwisha. Mke wangu alipolisikia hilo alikaa bustanini muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Kutoka hapo fuata barabara kwa miguu, kama robo saa hivi, hadi Kencho-ji, la mwaka 1253, la kwanza kwa daraja kati ya mahekalu matano makuu ya Zen ya Kamakura. Mireteni ya uani ina umri unaokaribia wa hekalu lenyewe, na mashina yamejisokota kama kamba iliyokamuliwa. Inasemekana mchuzi wa mboga uitwao kenchinjiru ulianzia hapa, na migahawa ya njiani huuza. Wakristo, Waislamu, msiogope kuingia: hakuna anayekulazimisha kuinama wala kuwasha ubani. Vua viatu panapotakiwa, usipige picha pale ulipokatazwa, basi.

Ukiteremka zaidi unaingia Tsurugaoka Hachimangu kwa upande wa nyuma. Hili ni la Kishinto, dini ya asili ya Wajapani, la ukoo wa Minamoto, na Sanetomo, shogun (mtawala wa kijeshi) wa ukoo huo, aliuawa hapa na mpwa wake mwaka 1219. Mti mkubwa wa ginko uliokuwa kando ya ngazi ulianguka Machi 2010, sasa kisiki chake kimechipua. Dakika 20 zinatosha. Mtaa wa Komachi unaoelekea stesheni upite tu, ni maduka ya vitafunwa na zawadi, na Jumamosi hata kuinua mkono ni kazi.

Stesheni ya Kamakura ndipo Enoden inapoanzia. Nunua tiketi yake ya siku nzima, yeni 800, maana utashuka na kupanda. Reli hii ina kilomita 10 tu na stesheni 15, ilianza mwaka 1902, na ina njia moja tu, kwa hiyo treni lazima zipishane kwenye stesheni chache. Ndiyo maana zinapita kila baada ya dakika 14 na haziwezi kuongezwa hata watu wajae vipi. Mwishoni mwa wiki, likizo za mwanzo wa Mei, na Juni wakati maua ya haidranja yamechanua, foleni hutoka hadi nje ya geti. Ukiikuta hivyo usisubiri. Tembea hadi kwa Buddha, ni nusu saa isiyo na milima. Njiani utaona kwenye nguzo na kuta vibao vinavyosema hapo ulipo ni mita ngapi juu ya bahari. Ni kwa ajili ya tsunami, na hawatanii.

Sanamu yenyewe iko Kotoku-in, mwendo mfupi kutoka stesheni ya Hase. Ni shaba nyeusi, kazi ilianza mwaka 1252, urefu mita 11.3 bila kiti chake, uzito tani 121. Zamani ilikuwa ndani ya jengo. Dhoruba zililiangusha jengo hilo, na tangu mwishoni mwa karne ya 15 amekaa nje, jua lake, mvua yake. Usiondoke bila kuingia tumboni. Ubavuni kuna mlango mdogo, unatoa yeni 50, unapanda ngazi nyembamba. Ndani ni giza na joto, na ukitazama kuta utaona maungio ya mistari mistari: shaba ilimiminwa kwa hatua, tabaka juu ya tabaka, kila moja likishikizwa kwenye lililotangulia. Shingoni utaona kiraka, huko waliimarisha kwa plastiki yenye nyuzi za kioo miaka ya 1960. Nje, kwenye ukuta wa pembeni, wamemtundikia kandambili za majani ya mpunga, kila moja na urefu wa mita 1.8, eti siku akitaka kutembea.

Hase-dera liko jirani. Lina Kannon wa mbao mwenye vichwa kumi na kimoja, zaidi ya mita 9, na baraza linalotazama ufukwe wa Yuigahama. Kama saa imekwenda, chagua hili uache maduka.

Rudi kwenye Enoden, elekea Fujisawa, na simama upande wa kushoto. Kwanza treni inapenya nyuma ya nyumba za watu, karibu kiasi cha kuona rangi ya vibanio kwenye kamba za nguo. Inaingia handaki, inatoka, na baada ya Inamuragasaki bahari inajaa dirisha zima. Stesheni ya Kamakurakokomae ina kivuko maarufu kwa ajili ya katuni moja ya mpira wa kikapu. Utakuta kundi la watu na simu zao barabarani, na mlinzi anayewapigia filimbi. Mimi sishuki. Baada ya Koshigoe treni inaingia katikati ya barabara na magari yanaisogelea pembeni kama bajaji.

Shuka Enoshima, tembea hadi darajani, vuka kwenda kisiwani. Ngazi za umeme za kulipia zipo, ila zinapanda tu, kushuka ni miguu yako. Kula hapa: bakuli la wali na shirasu, visamaki vidogo kuliko dagaa mchele, vibichi au vya kuchemshwa. Vibichi kuanzia Januari hadi karibu katikati ya Machi hakuna, uvuvi wake unafungwa. Usile ukiwa ufukweni. Mwewe wa pale wamezoea watu, wanakuja kwa nyuma bila sauti, na utabaki na karatasi mkononi. Vibao vya onyo vipo, vina picha kabisa. Siku ya baridi isiyo na mawingu, jua linapozama utaona Mlima Fuji ng'ambo ya ghuba.

Kurudi: Enoden hadi Fujisawa, kisha JR njia ya Tokaido, dakika 20 na ushee uko Yokohama. Wanaokaa Tokyo wapande treni ya kampuni ya Odakyu kutoka Katase-Enoshima, mara nyingi kwa kubadilisha Fujisawa, hadi Shinjuku. Kwa Waislamu hii ina faida ya pili: njia hiyo hiyo inapita Yoyogi-Uehara, na msikiti mkubwa wa Tokyo Camii, uliojengwa kwa usanifu wa Kituruki, uko mwendo mfupi tu kutoka stesheni.

Jumamosi ya pili, kama utaipata, nenda Nokogiriyama, ng'ambo ya ghuba ya Tokyo. Treni ya kampuni ya Keikyu hadi Kurihama, basi hadi bandarini, meli dakika 40 hadi Kanaya. Ni mlima uliochongwa mawe ya kujengea hadi ukabaki kuta wima, na hekalu la Nihon-ji lina Buddha wa jiwe wa mita 31, karibu mara tatu ya yule wa Kamakura, na wageni ni wachache mno. Vaa viatu vya maana, ngazi zinazidi elfu mbili. Upepo ukivuma sana meli na gari la kamba husimama, kwa hiyo asubuhi uliza kwanza kama zinafanya kazi, na piga picha ratiba ya meli za jioni kabla hujaanza kupanda. Ikikuacha, treni ya njia ya Uchibo kutoka Hama-Kanaya itakurudisha kwa kuizunguka ghuba nzima kupitia Chiba.