Maji hayazami shambani: ganda la udongo halitobolewi na dawa ya chupa

SWALI: Shamba langu lipo eneo kame. Mvua ikinyesha maji hutiririka juu kwa juu, na nikifukua sentimita tano nakuta vumbi. Nimeshauriwa nilime kina zaidi kwa trekta, kisha ninyunyize dawa ya vijidudu vya kuhuisha udongo. Au ni mabadiliko ya tabianchi tu, nisubiri mvua zitulie?

JIBU: Usisubiri, na hiyo chupa iache dukani. Matone ya mvua yakipiga udongo mtupu huvunja vidonge vyake, vumbi laini huziba vitundu, na jua likiwaka hubaki ganda la milimita chache tu linalokataa maji. Tabianchi ina mkono wake: mvua chache za kishindo, na joto linaloharakisha mboji kuoza. Ila aliyeuvua udongo nguo ni jembe, kwato na moto wa kuchoma mabaki.

Tumbukiza bonge kavu la ukubwa wa njegere kwenye glasi ya maji ya mvua, usitikise. Likibomoka ndani ya dakika chache na maji yakabaki maangavu, mboji iliyokuwa gundi imepungua. Maji yakiwa kama maziwa hadi kesho yake, shuku sodiamu (madini yaliyomo kwenye chumvi), upime maabara. Jasi, unga wa madini yenye kalsiamu, ina kazi hasa hapo. Kwingine ni pesa uliyoizika.

Trekta litavunja ganda kwa mvua moja au mbili. Kisha linarudi, kwa kuwa umesaga vidonge vilivyosalia na kuingiza hewa inayofanya bakteria waimalize mboji. Na vijidudu vya chupa vitaishi vipi? Uso wa udongo mtupu adhuhuri huweza kupita nyuzi 50, na chakula hakuna. Vya asili vimo humo, vimelala, vinangoja maji na mabaki. Muuzaji mwambie aache kipande bila dawa mlinganishe, uone atakavyokwepa.

Badala yake, kiangazi chimba mashimo ya kupandia yatakayodaka maji ya mvua: upana wa sentimita 20 hadi 30, kina 10 hadi 20, yaachane 60 hadi 80. Udongo uliotoka uweke upande wa chini wa mteremko. Kila shimo tia konzi mbili za samadi iliyooza; mbichi huunguza miche. Katikati ya mashimo tandaza mabaki ya mazao, angalau theluthi ya uso ifunikwe.

Wengine sasa wanapeleka haro (zana ya trekta ya kusagia udongo) hadi malishoni, eti kuvunja ganda. Angalia kwanza, si kila ganda ni baya. Kuna utando mweusi wenye uhai: lowanisha kipande, ukinyanyue taratibu, nyuzi nyembamba zikining'inia na mchanga, usiuguse. Hushika udongo na baadhi huongeza naitrojeni, na ukishasagwa kurudi kwake huweza kuchukua miongo.