Re: Je, 1,000,001 ni namba tasa?

Mwalimu wa Nyegezi, hapana, si tasa. Umesema uligawanya kwa namba tasa zote hadi 97 na kila mara ikabaki baki. Uliishia hatua moja kabla: tasa inayofuata ni 101, na 101 × 9,901 = 1,000,001. Kikomo cha kupima ni kipeuo cha pili cha namba yenyewe, hapa 1,000 na ushee, siyo 100.

Njia ya mkato ni 100³ + 1³ = (100 + 1)(10,000 − 100 + 1). Hii waoneshe vijana wako ubaoni, inapendeza mno.

Kazi yako haikupotea. Kipeuo cha pili cha 9,901 hakifiki 100, na namba yoyote inayogawa 9,901 ingegawa pia 1,000,001, kwa hiyo majaribio yako yale yale yanathibitisha kwamba 9,901 ni tasa. Vigawo ni vinne tu: 1, 101, 9,901 na 1,000,001.