Zulia la Floki Ndani ya Gari la Modeli: Ushauri kwa Wanaoanza

Sakafu ya gari la modeli iliyopakwa rangi tu, hata kama rangi hiyo imechaguliwa kwa uangalifu, hubaki ikionekana plastiki, kwa sababu zulia la kweli hunywa mwanga badala ya kuurudisha. Floki, yaani nyuzi fupi mno za nailoni au rayoni zinazouzwa zikiwa kama unga, huondoa kasoro hiyo kwa kazi isiyo ngumu. Ninachowasisitizia wanaoanza ni kwamba uzuri wa zulia hilo huamuliwa kabla unga haujamwagwa.

Jambo la kwanza ni urefu wa nyuzi. Katika kipimo cha 1/24, yaani modeli iliyo ndogo mara 24 kuliko gari lenyewe, uzi wa nusu milimita ni sawa na milimita 12 kwenye gari halisi, urefu unaofaa zaidi zulia la sebuleni. Uzi wa milimita 0.3 hukaribia milimita 7, nao huaminika machoni. Ukishuka hadi kipimo cha 1/43, hata uzi huo mfupi hufikia karibu milimita 13, na kwa maoni yangu hapo ni afadhali kuiacha floki kabisa na kupuliza rangi isiyong'aa kwa mbali kidogo, ili matone yake yaanze kukauka hewani na kuacha uso wenye chembechembe.

Tazama pia picha za ndani ya gari unaloliunda, kwa maana si kila gari lina zulia. Malori mengi na magari mengi ya kazi yana mpira sakafuni, na magari ya mashindano huvuliwa zulia ili kupunguza uzito. Katika baadhi ya magari hayo ya mashindano, floki nyeusi huwekwa mahali ambapo anayeanza hapafikirii: juu ya dashibodi, ili mwanga usiakisiwe kwenye kioo cha mbele na kumsumbua dereva.

Sakafu ikiwa na mistari ya zulia iliyochongwa kiwandani, ilainishe kwa msasa, uioshe, kisha uipake rangi inayokaribiana na ile ya floki, ili mwanya wowote utakaobaki usionyeshe plastiki tupu. Ziba kwa utepe wa karatasi sehemu zitakapokaa viti, pedali na breki ya mkono. Kiti kilichogandishwa juu ya zulia hushikwa na nyuzi tu wala si sakafu, na hung'oka kwa urahisi. Kingo zinazokutana na milango nazo ziachwe wazi, kwani unene mdogo wa floki unatosha kuzuia vipande visiingiane.

Gundi ndiyo inayowashinda wengi. Gundi nyeupe ya mbao inafaa, ikiongezwa maji kidogo mpaka ienee kwa brashi bila kuacha mistari. Ikijikusanya matone matone juu ya rangi, tone moja la sabuni ya vyombo huituliza. Ikipakwa nene, nyuzi huzama, hulala na kuacha mabaka meusi yasiyoondoka. Ikipakwa nyembamba mno, hukauka kabla hujafika upande wa pili. Kwa hiyo fanya sehemu moja moja: miguuni pa dereva, kisha mgongo wa katikati ya sakafu, kisha nyuma. Kwa sakafu yenye kona nyingi mimi hupendelea enameli, yaani rangi ya mafuta, inayofanana na rangi ya zulia badala ya gundi, kwa kuwa hukauka polepole. Supaglu iepukwe, maana huganda upesi na mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye vipande vya karibu.

Shika chujio la chai sentimita chache juu ya gundi mbichi, ugonge ukingo wake kwa kidole, unga uanguke sawasawa mpaka gundi isionekane. Palipojitokeza unyevu, ongeza. Usikandamize kwa vidole. Gonga sakafu kutoka chini, nyuzi nyingi zisimame. Vipo vifaa vya umeme tuli vinavyozisimamisha zote, lakini kwa eneo dogo kama hili sioni ulazima wake. Vaa barakoa: katika miaka ya 1990, wafanyakazi wa viwanda vya floki ya nailoni walitambuliwa kuwa na ugonjwa wa mapafu uliotokana na vumbi hilo, na ingawa kiasi chetu ni kidogo, hakuna sababu ya kulivuta.

Kuhusu rangi, nyeusi tupu huonekana kama shimo ndani ya gari dogo, hivyo changanya na kijivu cha kuiva kabla ya kuchuja.

Acha ikauke usiku kucha, uipindue juu ya karatasi safi, uigonge, na unga uliobaki uurudishe chupani. Mapengo hufunikwa kwa kurudia gundi mahali hapo tu. Usipulize vanishi juu yake, kwani itagandisha nyuzi pamoja. Vioo vifungwe mwisho kabisa, baada ya kupitisha brashi laini na kupuliza nyuzi zilizolegea, kwa sababu plastiki angavu huzivuta kwa umeme tuli na hakuna njia rahisi ya kuzitoa gari likishafungwa.